Kuchagua Alama za Seli za Kinga katika Kipanya

Neno CD4 limezoeleka Afrika Mashariki kwa sababu ya ugonjwa wa UKIMWI. Mgonjwa alitolewa damu kliniki, na baadaye akapewa tarakimu: 180, mathalan, au 520. Wengi walioipokea tarakimu hiyo waliielewa kuwa ni hesabu ya askari wa mwili, na kwa kadiri fulani hawakukosea. Hata hivyo CD4 si jina la askari. Ni jina la protini moja iliyosimama juu ya utando wa nje wa seli, mfano wa nembo iliyoshonwa juu ya sare. Na kinachohesabiwa na mashine ni nembo, si mvaaji wake. Katika damu ya mwanadamu, monosaiti, ambazo si limfosaiti kabisa, nazo huivaa nembo hiyohiyo kwa uchache. Ndiyo sababu vipimo vilivyotengenezwa kwa uangalifu havikutosheka na CD4 peke yake: vilitazama pia protini nyingine iitwayo CD3, au vilipima namna seli inavyotawanya mwanga, ili monosaiti zisihesabiwe pamoja na limfosaiti.

Jambo hilo dogo la kliniki ni tatizo kubwa katika maabara za utafiti wa kinga, ambako sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa kipanya. Mtafiti atakaye kujua ni seli zipi zimeongezeka, zimepungua au zimeamshwa katika mwili wa kipanya mgonjwa hana budi kuamua, kabla ya kuiwasha mashine, ni alama zipi atakazozitazama. Uamuzi huo ukiwa mbaya, mashine haitamwonya. Itatoa tarakimu safi na michoro ya kupendeza, na kosa litaingia katika taarifa iliyochapishwa, pengine likakaa humo kwa miaka.

Yafaa kueleza kwanza matumizi ya maneno. Katika makala hii "kipanya" ni yule mnyama mdogo wa maabara mwenye uzito wa gramu 20 hadi 30. "Panya" ni jamaa yake aliye mkubwa zaidi, ambaye naye ana sehemu katika habari hii, kwa kuwa ndiye atoaye kingamwili nyingi zinazotumika kumchunguza kipanya.

Mashine na kingamwili

Kazi yenyewe huitwa upimaji wa seli katika mkondo. Kiungo cha kipanya, aghalabu wengu, husagwa polepole mpaka seli zake zitengane na kuelea katika maji ya chumvi. Seli hizo hupitishwa moja moja, kwa mkondo mwembamba, mbele ya mwanga wa leza. Mwanga utawanywao mbele huonyesha kwa makisio ukubwa wa seli, na ule utawanywao ubavuni huonyesha wingi wa chembechembe zilizomo ndani yake. Kama seli zimekwisha kuvishwa kingamwili zilizofungwa kwenye rangi zing'arazo, kila rangi hutoa mwanga wake na vipokezi vya mashine huandika kiasi cha mwanga huo. Maelfu ya seli hupita kwa sekunde moja. Mack Fulwyler wa Los Alamos, Marekani, alionyesha mwaka 1965 namna ya kutenga seli kwa ujazo wake. Mwaka 1969 kikundi cha Leonard Herzenberg katika Chuo Kikuu cha Stanford kilionyesha namna ya kuzitenga kwa mng'aro. Mashine za kwanza zilitazama rangi moja, kisha mbili. Za siku hizi hutazama rangi thelathini na zaidi katika seli moja.

Kingamwili ndizo zinazozitafuta alama. Kabla ya mwaka 1975 zilipatikana kutoka katika maji ya damu ya wanyama waliochanjwa, nazo zilikuwa mchanganyiko usiotabirika. Mwaka huo Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, walibuni njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tupu kutoka katika kloni moja ya seli, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne. Tangu hapo kila kingamwili ina jina la kloni yake: GK1.5 hushika CD4 ya kipanya, 53-6.7 hushika CD8, RA3-6B2 hushika B220. Nyingi zilipatikana kwa kumchanja panya seli za kipanya. Kuipata ya CD3 kulichukua muda zaidi, na iliyojulikana sana, 145-2C11 ya mwaka 1987, ilitokana na hamsta.

Majina ya protini zenyewe yalikuwa vurugu, kwa sababu kila maabara ilibatiza ilichokiona. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1982 ulianzisha nambari za CD kwa seli za mwanadamu, na baadaye nambari hizo zikatumiwa kwa kipanya pia. Hivyo L3T4 ikawa CD4, Lyt-2 ikawa CD8, Mac-1 ikawa CD11b. Leo nambari zimepita 370. Baadhi ya alama za kipanya zilizo mashuhuri, kama F4/80 ya makrofaji, zingali zikiitwa kwa majina yake ya zamani, na msomaji wa taarifa za miaka ya 1970 na 1980 hana budi kuwa na jedwali la majina mkononi.

Funzo la Ly-1

Hakuna kisa kinachoonyesha hatari ya alama moja kuliko kile cha Ly-1, ambayo leo huitwa CD5. Mwaka 1975 Harvey Cantor na Edward Boyse walitangaza kwamba limfosaiti T za kipanya zina makundi yenye kazi mbalimbali, na kwamba makundi hayo hutambulikana kwa alama: zenye Ly-1 husaidia seli nyingine, zenye Ly-2 na Ly-3 huua. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, na msingi wake umesimama hadi leo: seli T saidizi na seli T ziuazo ni aina mbili. Kilichoanguka ni alama ya Ly-1.

Njia iliyotumika ilikuwa ya kuua. Seli zilitiwa kingamwili na kisha komplementi, yaani protini za damu zinazotoboa seli iliyoshikwa na kingamwili. Iliyokufa ilihesabiwa kuwa na alama. Iliyopona ilihesabiwa kuwa haina. Lakini seli yenye protini chache huweza kupona, na hivyo "kidogo" kikaandikwa "hakuna". Mwaka 1980, kwa kutumia kingamwili za kloni moja na mashine ya mng'aro inayopima kiasi badala ya kuua, ilionekana kwamba limfosaiti T zote zina Ly-1. Saidizi zina nyingi, ziuazo zina chache. Kisha mwaka 1983 kikundi cha Stanford kikaonyesha limfosaiti B zenye Ly-1, ambazo hujaa hasa katika uwazi wa tumbo la kipanya. Alama iliyodhaniwa kuwa ya seli T saidizi peke yake ikaonekana kuvaliwa na seli T zote na baadhi ya seli B.

Yeyote aliyekuwa ameziondoa "seli T saidizi" kwa kuua zenye Ly-1 alilazimika kuyafikiri upya matokeo yake. Wala haikuwa kosa la uzembe, kwani waliofanya kazi hiyo walikuwa miongoni mwa mabingwa wa wakati wao. Kosa lilikuwa katika kuidhania alama kuwa ni jambo la ndiyo au hapana, hali ni jambo la kiasi.

Wengu wa kipanya mwenye malaria

Ili kuona uchaguzi unavyofanyika, na uchukuliwe mfano wa malaria ya kipanya. Vimelea vya malaria ya mwanadamu havimwambukizi kipanya, lakini mwaka 1948 Ignace Vincke na Marcel Lips walikipata katika panya wa vichakani wa Katanga, Kongo, kimelea kiitwacho Plasmodium berghei, ambacho huweza kukuzwa katika kipanya wa maabara. Jamaa zake, akiwamo Plasmodium chabaudi, walipatikana baadaye katika panya wa namna hiyohiyo wa Afrika. Maabara za dunia nzima zimevitumia vimelea hivyo tangu wakati huo.

Kipanya wa nasaba ya C57BL/6 akiambukizwa P. berghei wa aina ya ANKA, aghalabu hufa kwa maradhi ya ubongo kati ya siku ya 6 na ya 10. Wa nasaba ya BALB/c kwa kawaida huepukana na maradhi hayo ya ubongo. Swali la ni seli gani humwua yule wa kwanza lina uzito wake, kwa sababu malaria ya ubongo huua watoto. Majaribio yamekwisha kuonyesha kwamba limfosaiti T zenye CD8 ni za lazima katika maradhi hayo ya kipanya: zikiondolewa mapema, mnyama haugui ubongo. Jibu kama hilo halipatikani ila kwa kuzitambua seli barabara.

Wengu wa kipanya mzima una seli zipatazo milioni 100. Zaidi ya nusu ni limfosaiti B, na karibu theluthi ni limfosaiti T, ambazo miongoni mwake zenye CD4 huzidi zenye CD8. Katika malaria mpangilio huo huvurugika. Wengu huvimba mara kadhaa, na kama mnyama ataishi, kama ilivyo kwa C57BL/6 wengi walioambukizwa P. chabaudi, wengu hugeuka karakana ya kutengeneza chembe nyekundu kufidia zilizopasuliwa na vimelea.

Hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo. Chembe nyekundu zilizokomaa hupasuliwa maabarani kwa amonia kloridi kabla ya kupima. Zile changa, ambazo zingali na kiini, hustahimili dawa hiyo, zikabaki katika kichupa zikiwa na umbo linalokaribiana na la limfosaiti. Mtafiti asiyeweka alama ya kuzitambua atazihesabu kama sehemu ya seli za kinga, na kila asilimia aiandikayo itakuwa ndogo kuliko ukweli. Alama inayofaa ni TER-119, ambayo huzishika seli za ukoo wa chembe nyekundu, ikiandamana na CD45, ambayo huvaliwa na takriban seli zote nyeupe. Katika wengu wa kipanya mzima TER-119 huweza kuonekana anasa. Katika wengu wenye malaria ni ya lazima.

Mtego wa pili ni wa hesabu tu, na huwanasa wengi. Chukuliwe kwamba kipanya mzima ana seli milioni 100 katika wengu, na asilimia 20 ni T zenye CD4. Hizo ni milioni 20. Mgonjwa ana milioni 400, na asilimia 10 tu ni T zenye CD4. Asilimia imeshuka nusu, lakini seli ni milioni 40, maradufu ya mwanzo. Anayeandika kwamba malaria imepunguza seli hizo ameandika kinyume cha kilichotokea. Kwa hiyo jumla ya seli za wengu hupimwa pamoja na alama.

Baada ya kuondoa seli zilizokufa na chembe nyekundu changa, uchaguzi wa alama hutoka kwenye upana kwenda kwenye wembamba. Limfosaiti T hutambuliwa kwa CD3 au kwa mnyororo wa beta wa kipokezi chao cha antijeni, na ndani ya kundi hilo ndipo CD4 na CD8 hutazamwa. Kuzitazama peke yake haitoshi. Katika wengu wa kipanya zimo seli za matawi, yaani dendriti, zenye mnyororo wa alfa wa CD8, na nyingine zenye CD4. Wala kipanya si mwanadamu mdogo: seli za matawi za mwanadamu hazivai CD8 hiyo, na monosaiti za kipanya hazivai CD4 ile ya monosaiti za mwanadamu. Alama zilizokaririwa kutoka katika vitabu vya tiba ya binadamu hazihamishwi hivihivi. CD56, ambayo hutambulisha seli NK za mwanadamu, haifai kitu kwa seli NK za kipanya.

Kwa limfosaiti B, wengi hutumia B220, alama ya zamani na yenye nguvu. CD19 ni bora kwa kazi ya namna hii, kwani B220 huvaliwa pia na aina moja ya seli za matawi zitoazo intaferoni kwa wingi wakati wa maambukizi. Lakini seli B zilizokwisha kugeuka viwanda vya kingamwili, ambazo ni muhimu sana katika malaria, huipunguza B220 na CD19 pia. Anayezitafuta hizo aongeze CD138, la sivyo atasema hazipo.

Jina moja kwa seli mbili

Upande wa seli zinazomeza, uchaguzi umekuwa mgumu zaidi, na Gr-1 ndiyo iliyoleta taabu kubwa. Kwa miaka mingi kingamwili RB6-8C5 iliitwa kingamwili ya Gr-1, na Gr-1 ikachukuliwa kuwa alama ya nyutrofili. Kumbe RB6-8C5 hushika protini mbili za jamii moja: Ly6G, ambayo kwa hakika ni ya nyutrofili, na Ly6C, ambayo huvaliwa kwa wingi na monosaiti za uvimbe na kwa kiasi na baadhi ya limfosaiti T. Nyutrofili hung'ara sana kwa RB6-8C5, monosaiti hung'ara kwa wastani, na mpaka baina ya "sana" na "wastani" huchorwa kwa mkono wa mtafiti.

Lau ingekuwa suala la kuhesabu tu, madhara yangekuwa machache. Kingamwili hiyohiyo ilidungwa katika vipanya wengi ili kuziondoa nyutrofili na kuona ugonjwa utakwendaje. Mnyama akipona au akizidiwa, ilihitimishwa kwamba nyutrofili ndizo chanzo. Mwaka 2008 ililinganishwa na kingamwili 1A8, ambayo hushika Ly6G peke yake, na ikaonekana kwamba RB6-8C5 huondoa pia monosaiti na seli nyingine zenye Ly6C. Kwa hiyo hitimisho nyingi za zamani zimebaki na alama ya kuuliza, na vipanya waliotumika hawawezi kuulizwa tena. Katika malaria jambo hili si la pembeni, maana monosaiti zenye Ly6C nyingi hutoka katika uboho wa mifupa na kumiminika katika wengu, ambako hushiriki kupambana na vimelea. Leo hakuna udhuru wa kutumia Gr-1 pale ambapo Ly6G na Ly6C zaweza kutazamwa kwa rangi mbili mbalimbali.

Makrofaji za sehemu nyekundu ya wengu nazo hupotea kwa urahisi. Hizo ndizo zinazomeza chembe nyekundu kuukuu na zilizoambukizwa. Mtafiti aanzaye kwa kuchagua seli zenye CD11b nyingi, akidhani kwamba makrofaji zote zimo humo, atazitupa, kwa kuwa zina F4/80 nyingi na CD11b chache. Pia zina mng'aro wake wa asili, hata bila rangi yoyote, na huweza kudhaniwa kuwa zimeshika kila kingamwili iliyotiwa.

Nasaba ya kipanya

Vipanya wa maabara wamezalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi mpaka walio wa nasaba moja wakafanana kwa jeni. Tofauti baina ya nasaba ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na wageni wa kazi hii. NK1.1, inayotafutwa kwa kingamwili PK136, ni alama nzuri ya seli NK za C57BL/6. Katika BALB/c kingamwili hiyo haishiki seli NK kabisa. Si kwamba BALB/c hana seli hizo, anazo. Kinachokosekana ni umbo la protini ambalo PK136 hulitambua. Kwa nasaba hiyo hutumika CD49b, au NKp46, ambayo hufaa katika nasaba zote za kawaida. Anayelinganisha C57BL/6 na BALB/c katika malaria ya ubongo, kama ilivyoelezwa juu, akatumia NK1.1 kwa wote wawili, atagundua tofauti kubwa ajabu ambayo haipo.

Tofauti hizohizo za nasaba zina faida yake. CD45 ina maumbo mawili, CD45.1 na CD45.2, yanayotofautishwa na kingamwili. C57BL/6 wa kawaida ana CD45.2, na wapo waliozalishwa wawe na CD45.1 huku karibu kila jeni nyingine ikibaki ileile. Seli za mmoja zikipandikizwa kwa mwingine, zaweza kufuatwa kwa majuma bila kupotea katika umati. Kwa miaka fulani maumbo haya yaliitwa Ly5.1 na Ly5.2, na majina hayo yaliwahi kugeuzwa, la kwanza likawa la pili. Asomaye taarifa za zamani achunguze kwanza ni nasaba gani iliyopewa jina gani.

Alama zinazobadilika

Baadhi ya alama hueleza seli ni ya ukoo gani. Nyingine hueleza iko katika hali gani. Taabu huanza moja ya kundi la pili inapotumiwa kana kwamba ni ya kundi la kwanza. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi na wenzake walionyesha kwamba sehemu ndogo ya seli T zenye CD4, zile zilizovaa CD25 katika kipanya asiye na ugonjwa, huzuia mwili usijishambulie. Kwa kipanya mzima CD25 ilikuwa alama ya kutosha. Kwa kipanya mgonjwa si hivyo, kwa maana seli T yoyote iliyoamshwa huivaa CD25 kwa muda. Katika wengu wenye malaria, "seli dhibiti" zinazohesabiwa kwa CD25 peke yake zaweza kuwa ni washambuliaji.

Suluhisho lilitoka mahali pengine. Mwaka 2001 kikundi cha Mary Brunkow na Fred Ramsdell kilitambua jeni iliyoharibika katika vipanya waitwao scurfy, ambao hufa wachanga kwa mwili kujishambulia. Mwaka 2003 ikaonekana kwamba jeni hiyo, Foxp3, ndiyo itawalayo seli dhibiti. Sakaguchi, Brunkow na Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Ila Foxp3 imo ndani ya kiini. Ili kingamwili iifikie, seli hukaushwa kwa kemikali na kutobolewa, yaani huuawa. Anayetaka kuzitenga seli dhibiti zikiwa hai hulazimika kurudi kwenye alama za juu ya utando, au kutumia vipanya ambao jeni yao ya Foxp3 imeunganishwa na protini ing'arayo.

CD62L huanguka kutoka juu ya seli T inapoamshwa, na kwa hiyo hutumiwa pamoja na CD44 kutenga seli ambazo hazijawahi kupambana na zile zilizokwisha kupambana. Bahati mbaya huweza kuanguka pia kwa sababu ya kazi mbaya ya maabara, seli zikichelewa au zikisumbuliwa mno. CD11c, alama mashuhuri ya seli za matawi, huvaliwa na baadhi ya seli T zenye CD8 zilizoamshwa katika malaria. Hivyo anayetafuta seli za matawi aondoe kwanza zenye CD3, CD19 na alama ya NK. Kwa kazi hiyo kingamwili kadhaa za seli zisizotakiwa hupewa rangi moja, na chochote king'aracho kwa rangi hiyo huwekwa kando, mithili ya kapu la makapi.

Rangi na matayarisho

Rangi hazina nguvu sawa. Fluoresini hung'ara kwa kadiri. Fikoerithrini, iliyoingia katika kazi hii mwaka 1982, hung'ara zaidi mno. Ni protini ya mwani mwekundu, kundi ambalo ndani yake umo pia mwani ulimwao pwani za Unguja. Rangi kali hupewa protini iliyo chache, kama CD25, na rangi hafifu hupewa iliyo nyingi, kama CD8 au CD45. Zaidi ya hayo, mwanga wa rangi moja humwagikia kipokezi cha nyingine. Kama CD4 imepewa rangi inayomwagikia mahali pa CD25, seli zilezile zinazochunguzwa ndizo zitakazochafuliwa. Rangi hiyo ikipewa CD19 haidhuru, kwa kuwa seli B zimekwisha kuwekwa kando. Ili kujua mng'aro wa kweli waanzia wapi, huandaliwa kichupa chenye kingamwili zote isipokuwa moja. Kila king'aacho hapo mahali pa ile iliyoachwa ni cha uongo, na mstari huchorwa juu yake. Kichupa hicho hutumia seli chache na muda mfupi, nacho ndicho kinachorukwa mara nyingi kuliko vyote.

Seli za kinga zenyewe hushika kingamwili kwa mkia wake, bila kujali inalenga nini, kwa vipokezi viitwavyo CD16 na CD32. Makrofaji na monosaiti, zinazojaa katika malaria, hufanya hivyo zaidi ya nyingine. Vipokezi hivyo huzibwa kwanza kwa kingamwili 2.4G2. Seli zilizokufa hushika karibu kila kitu na huondolewa kwa rangi inayoingia katika mfu tu. Seli mbili zilizogandana hupita kama moja yenye alama za zote mbili, na gazeti la sayansi lisilo makini laweza kuzichapa kama aina mpya.

Kwa ubongo, ini au mapafu, kusaga hakutoshi. Vimeng'enya hutumika kulegeza nyama, na baadhi yake hukata alama zenyewe. Njia ya kugundua ni rahisi: seli za wengu zigawanywe mafungu mawili, moja litiwe kimeng'enya na jingine lisitiwe, kisha yote mawili yavishwe kingamwili zilezile. CD4 au CD8 ikififia katika fungu la kwanza, uhaba wa seli T katika ubongo ni wa kimeng'enya, si wa ugonjwa.

Umebaki mtego mmoja unaohusu kloni. Mtafiti humdunga kipanya GK1.5 ili kuondoa seli zenye CD4, na siku chache baadaye hupima wengu kuthibitisha kwamba zimeondoka. Akitumia GK1.5 ileile, au RM4-5 inayogombea mahali palepale, hataona CD4 hata kama seli zimebaki zote, maana sehemu yake imekwisha kuzibwa na kingamwili aliyoidunga. Kloni RM4-4 hushika sehemu nyingine ya protini hiyo na huziona seli zilizosalia. Kwa sababu hiyo taarifa isemayo tu kwamba "CD4 ilipimwa" haimtoshelezi msomaji. Huhitajika jina la kloni, rangi iliyofungwa kwayo, nasaba ya kipanya, kimeng'enya kilichotumika na jumla ya seli za kiungo.